Busia na Malaba: Hadithi Zivukazo Mpaka Bila Kipande

Ukimwambia jirani yako wa Nairobi au Kisumu kwamba unakwenda Busia, hatakuuliza unakwenda kumwona nani. Atakuuliza unakwenda kununua nini. Ndivyo mji huo ulivyojulikana tangu zamani: ndizi za matoke, vitenge, mchele, sukari, mayai trei kwa trei, na masimulizi yasiyokwisha ya magendo. Mimi nilikwenda mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa na vijana wamejaa kwenye vibaraza vya maduka, na wala sikununua kitu ila kichane kimoja cha ndizi. Nilitaka kujua watu wa mpakani hutazama nini kwenye runinga, husoma nini, na zaidi ya yote, husemaje juu ya hayo wanayoyaona na kuyasoma.

Kutoka Kisumu, matatu hupita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Sega na Bumala ndipo ikaingia Busia. Barabara kuu ya mji haina safari nyingine ila Uganda. Unatembea, unapita benki, maduka ya vipuri na wabadilishaji pesa walioshika mabunda ya noti za nchi mbili, na kabla hujajua umefika langoni. Ng'ambo ya lango kuna mji mwingine, nao pia waitwa Busia. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili Februari 2018, msafiri husimama mara moja tu, upande ule anaoingia. Lakini mwenyeji hana habari na mihuri. Asubuhi mama huvuka kwenda kununua mboga, mchana mtoto huvuka kwenda shule, jioni baba huvuka kwenda kumsalimia shemeji. Hata jina la boda boda, msomaji, lilizaliwa huku, baiskeli zilipokuwa zikibeba watu na mizigo kutoka lango hadi lango.

Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza. Kabla ya 1902 sehemu hii yote ya magharibi, hadi karibu na Naivasha, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mstari uliposogezwa, Wasamia wakajikuta nusu huku nusu kule, na Wateso vivyo hivyo. Ndiyo maana katika mwendo wa dakika 10 unaweza kusalimiwa "Mulembe", kisha "Yoga", kisha "Oli otya", na mwisho "Sasa" kutoka kwa kijana aliyerudi juzi kutoka Nairobi.

Sinema yenye wasemaji watatu

Kibanda cha video nilichoingia kiko nyuma ya maduka, hatua chache kutoka barabara kuu. Nje pana ubao ulioandikwa kwa chaki: sinema mbili za mchana, mechi moja ya Uingereza ya jioni. Ndani mna mabenchi ya mbao, mapazia meusi yaliyotobokatoboka, na runinga iliyofungiwa ndani ya kizimba cha vyuma kana kwamba imeshtakiwa. Nilitoa shilingi 20 nikaketi nyuma.

Sinema ilikuwa ya Kihindi, ya kupigana. Lakini sauti ya waigizaji ilikuwa imesukumwa mbali, na juu yake mwanamume mmoja alikuwa akizungumza Kiganda bila kupumua. Huyo ndiye wanayemwita VJ. Uganda ina mabingwa wengi wa kazi hiyo, na jina kama VJ Jingo linajulikana hata na watoto wa Busia wasiomjua mbunge wao. VJ hafasiri tu maneno. Huwatania waigizaji, huwaonya, huwapa majina mapya, na huihamisha hadithi nzima kutoka Bombay kuileta nyumbani. Shujaa alipopanda gari kukimbia, tuliambiwa anaelekea Jinja. Jambazi alipokasirika, tuliambiwa ana deni la mtu wa soko la Owino. Kibanda kizima kiliangua kicheko.

Jambo nililoliona baadaye ni kwamba hawakucheka wote kwa wakati mmoja. Vijana wa Kisamia walitangulia, kwa kuwa lugha yao na Kiganda ni ndugu. Mmoja wao, aliyekaa benchi la mbele, alikuwa akigeuka na kuwatolea wengine maneno hayo kwa Kiswahili. Hapo ndipo kicheko cha pili kilipofuata. Basi sinema ile ilikuwa na wasemaji watatu: Mhindi, Mganda na kijana wa benchi la mbele.

"Ndugu yangu," nilimwuliza mwendesha boda boda aliyekaa karibu nami, "wewe unakielewa Kiganda?"

"Kidogo tu."

"Sasa huoni afadhali usikie sauti za wenyewe?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama afadhali ale nyama bila chumvi. "Wenyewe wanaongea tu," akasema. "Huyu anatuambia mtu anafikiria nini."

Kazi hii haiko Uganda peke yake. Tanzania walikuwa na Lufufu, aliyetia Kiswahili kwenye kanda za kigeni hadi watu wakawa wanaulizia kanda kwa jina lake badala ya jina la sinema. Kenya tuna DJ Afro, ambaye sauti yake husikika katika vibanda vya Kiswahili kutoka mjini hadi mashambani. Na wale wa Wakaliga, Kampala, waliotengeneza "Who Killed Captain Alex?" mwaka wa 2010, waliona wasingoje wengine waitie sinema yao maneno. VJ Emmie yumo humo humo tangu mwanzo, akiisifu sinema ikiwa inaendelea.

Mimi binafsi nina neno moja dhidi ya hawa mabwana. Hawajui kunyamaza. Katika sinema ile mama alimzika mwanawe, mvua ikinyesha, na VJ akapata nafasi ya kutuuliza nani atakula wali wa matanga. Watu walicheka, nami nikacheka, lakini mama yule aliibiwa kilio chake. Nilipomwambia hivyo jirani yangu wa boda boda alisema, "Vilio tunavyo nyumbani." Sikuwa na la kumjibu.

Mzee mmoja wa mtaa wa Burumba alinikumbusha kwamba kutazama ng'ambo si jambo la leo. Televisheni ilianza Kenya mwaka wa 1962 na Uganda mwaka wa 1963. Yeye alinunua yake baadaye sana, akaisimamishia antena juu ya mti wa mwanzi. Mwanawe mkubwa alikuwa na kazi moja jioni: kuuzungusha mwanzi. Ukielekea huku, Nairobi. Ukielekea kule, Kampala. "Tulikuwa tunasikia habari za serikali mbili," alisema mzee, "kisha tunaamua wenyewe." Mitambo ya dijitali ilipochukua nafasi ya ile ya zamani mwaka wa 2015, mwanzi ule ukawa mti wa kuanikia nguo.

Katika saluni moja mtaani humo nilikuta mazungumzo ya namna nyingine. Runinga ilikuwa juu ya kabati, na wanawake watano walikuwa wakisukwa huku wakitazama mchezo wa kitajiri, wa nyumba kubwa yenye ngazi. Kila familia ya mjini inaijua michezo hii. Tuliizoea tangu ile ya Mexico, "The Rich Also Cry", na ile ya Wamarekani, "The Bold and the Beautiful", kisha tukajifunza kutengeneza yetu. "Maria" wa Citizen, ulioanza 2019, uliwakusanya watu mbele ya runinga jioni hadi chakula kikaungua jikoni. Huyo alikuwa msichana wa mtaa wa mabanda aliyeingia katika nyumba ya tajiri, akaanza kupendwa na kuchukiwa.

Wanawake wa saluni hawakuutazama mchezo kama wageni. Waliuhukumu. "Huyu ameamka na hereni masikioni." "Amezimia wiki ya pili hii, na midomo bado myekundu." "Matajiri hawa kazi yao ni kupanda ngazi na kushuka." "Mbona kila mwenye siri huisema kwa sauti, na mlango wazi?" Nilicheka hadi msusi akanikaribisha chai. Naam, hayo yote ni kweli. Huo ndio ukaguzi bora wa tamthilia niliousikia mwaka huu, na nimewahi kulipa kiingilio kuwasikiliza wasomi.

Kulikuwa na mama mmoja pale ambaye hakusema kitu muda wote. Kwenye skrini msichana wa kazi alileta juisi kwenye sinia, akasimama, akaondoka. Mama yule akauliza, kama anayejisemea, "Huyu msichana hula saa ngapi?"

Msusi aliniambia baadaye, mama akiisha kwenda, kwamba binti yake ameajiriwa katika nyumba ya watu Nairobi, mwaka wa tatu huu.

Suti ya Papa

Nadhani hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii. Kwa miaka mingi Busia na jirani zake wameipelekea Nairobi mabawabu, wapishi na mayaya. Na kwa miaka hiyo hiyo runinga imewarudishia mabawabu, wapishi na mayaya, kila mmoja akiwa na lafudhi nzito ya kuchekesha. Tangu siku za "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani", lafudhi imekuwa nusu ya kichekesho cha Kenya. Mshtakiwa hajasema kosa lake, sisi tumekwisha kucheka kwa namna alivyotamka jina.

Aliyeifikisha lafudhi hiyo mbali kuliko wote alikuwa mwana wa kaunti hii ya Busia: Charles Bukeko, ambaye Wakenya wengi hawakumjua kwa jina hilo. Walimjua kwa jina la Papa Shirandula. Katika mchezo huo wa Citizen alikuwa bawabu. Lakini nyumbani, mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacqueline Nyaminde, aliamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisi. Basi kila asubuhi Papa hutoka amevaa suti, akifika kazini huivua na kuvaa yunifomu, na jioni huirudia suti yake akaenda nyumbani. Kisa chote kilisimama juu ya uongo huo mmoja. Palikuwa pia na Awinja, yaya mwenye maneno mengi, aliyeigizwa na Jacky Vike. Kwa hiyo kazi zetu mbili zilikuwa pale pale, moja langoni na moja jikoni.

Bukeko alifariki Nairobi tarehe 18 Julai 2020, wakati wa ugonjwa wa corona, akazikwa nyumbani Busia chini ya masharti makali ya siku hizo. Mtu aliyezoea kukusanya nchi nzima mbele ya runinga alisindikizwa na watu wachache. Busia bado wanalisema jambo hilo kwa uchungu.

Lakini usidhani wote wanauona mchezo wake kwa jicho moja. Nilimkuta mwalimu mstaafu, mzee mwenye miwani minene na gazeti kwapani, akanieleza bila kuficha. "Kijana wangu, mimi nilikuwa nazima runinga," alisema. "Wajukuu wangu walipelekwa shule Nairobi. Siku ya kwanza walipofungua kinywa darasani wakaitwa Shirandula. Mmoja aliacha kuzungumza kabisa kwa muhula mzima. Sasa huyo mwigizaji ametusaidia au ametuuza?"

Sikuona haya kumwuliza swali hilo hilo mtu anayehusika. Kwenye kibanda cha chai karibu na stendi nilikutana na bwana mmoja wa makamo aliyekuja likizo. Ni bawabu huko Nairobi, katika jengo la ofisi, kazi ya usiku. Alisikiliza maneno ya mwalimu, akachovya mandazi yake ndani ya chai, akasema:

"Mwalimu ni mtu wa heshima, na mimi simpingi. Lakini yeye alicheka sauti. Sisi mabawabu tulicheka ile suti."

Akanisimulia. Alipopata kazi, watu wa kwao walijua ameandikwa na kampuni. Hilo halikuwa uongo, kwa kuwa walinzi ni wa kampuni. Lakini hakuna aliyeuliza kampuni ya nini, naye hakusema. Aliondoka Busia na koti la harusi la kaka yake, na kila Krismasi alirudi amelivaa. Mkewe alibaki nyumbani na watoto, akiwaambia majirani mume wangu yuko ofisini.

"Krismasi moja tumekaa tunatazama Papa," alisema. "Akafika kazini, akavua suti, akavaa yunifomu. Mama watoto akanitazama. Akayarudisha macho kwenye runinga. Hakusema neno, nami sikusema. Januari nafunga mizigo yangu, nakuta ameniwekea soksi nzito jozi mbili. Namwuliza za nini. Ananiambia, usiku Nairobi kuna baridi."

Alikunywa chai yake yote kabla ya kuendelea. "Basi. Hatujaizungumza mpaka leo. Lakini koti la kaka nilimrudishia."

Mwalimu ana haki, na mwandishi wa michezo yeyote anayedhani kwamba lafudhi ya mtu ni mzaha uliokamilika angefaa kukaa na wale wajukuu. Hata hivyo mimi namwelemea bawabu. Papa Shirandula hakuwa mjinga anayechekwa langoni. Alikuwa mtu anayeona haya kwa kazi halali, katika mji unaomfundisha kuona haya, na mzigo huo hauwi mwepesi kwa kuwa amevalishwa kichekesho. Kosa liko kwingine: nje ya Papa na wenzake, mtu wa Busia hapewi kazi nyingine kwenye runinga. Daktari hatoki Busia. Mwanasheria hatoki Busia. Hata tapeli mkubwa, ambaye mpakani hapa tunao wa kutosha kusafirisha nje, bado wanamtoa Nairobi.

Mwovu hujenga ghorofa

Vitabu navyo? Pembeni ya barabara nilimkuta muuzaji aliyetandika magunia. Vingi vilikuwa vya shule, maana mzazi wa Kenya hununua kitabu akiona mtihani nyuma yake. "Chozi la Heri" cha Assumpta Matei, kilichotahiniwa miaka iliyopita, kilikuwa pale nakala nyingi zenye maandishi ya kalamu pembezoni. "Nguu za Jadi" cha Clara Momanyi, kilichofuata, kiliuzwa kipya. Chini yao, jalada limekatika, nikaona kitabu cha Moses cha Barbara Kimenye. Wazazi wanaosoma ukurasa huu watatabasamu. Hadithi za Moses zilianza kuchapishwa katika miaka ya sitini, na watoto wa Kenya walizisoma chini ya dawati bila kujali kwamba shule ile ya vituko ilikuwa Uganda. Hicho nacho kilivuka mpaka bila kipande.

Vivyo hivyo tamthilia za John Ruganda, Mganda aliyeishi na kufanya kazi Kenya katika miaka ya Amin. "The Burdens" kilisomwa na wanafunzi wetu kana kwamba ni cha nyumbani. Kisha Kenya ilipouondoa mtihani wa kidato cha sita mwishoni mwa miaka ya themanini, wazazi wengi, hasa wa huku, waliwapeleka watoto Uganda wakaumalizie huko. Siku hizi ziko dalili za safari ya upande mwingine. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Muuzaji wangu alisema sasa huuliziwa kamusi na vitabu vya hadithi na watu wa ng'ambo. Alilisema kwa furaha ya mfanyabiashara, na mimi nililipokea kwa furaha yangu.

Wanafunzi watatu wa sekondari walikuwa wamechutama pale wakipekua. Niliwauliza ni riwaya gani wanayoipenda. Msichana mmoja alisema "Siku Njema" cha Ken Walibora, kilichotoka 1996, ingawa si cha mtihani wake. Alikipata kwa mamake. Alikipenda kwa kuwa kijana yule, Kongowea Mswahili, anatoka Tanga na kuja hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. "Vitabu vingine vya Kiswahili vinakaa pwani," alisema. "Hicho kilipanda kikaja huku." Walibora mwenyewe alikulia upande wa Kitale. Alifariki Nairobi Aprili 2020, miezi mitatu kabla ya Bukeko. Mwaka ule magharibi ilipoteza mwandishi wake na mchekeshaji wake.

Mwenzake wa kiume hakuwa na maneno matamu. "Mimi riwaya za Kiswahili huzijua mwisho kabla sijafika katikati," alisema. "Mwovu hufa, au hupata wazimu, au hufungwa."

"Na kwani si vizuri mwovu akapata adhabu?"

"Ni vizuri, mzee. Lakini hapa Busia mwovu hujenga ghorofa."

Wenzake walicheka, na muuzaji akageuza uso kutazama barabarani, kwa kuwa ghorofa ziko pale pale na kila mtu anajua ipi ni ya nani.

Maneno ya kijana huyo nimeyabeba hadi leo. Mpaka huu umekuwa na visa ambavyo mwandishi angeviota tu. Mwaka wa 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda duniani baada ya baridi kuunguza mashamba ya Brazil, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo usiku na mchana. Kituo chake kikubwa kilikuwa Chepkube, kaskazini ya hapa kuelekea Mlima Elgon. Watu walitajirika kwa wiki moja. Wasambo Were aliandika tamthilia juu ya mambo hayo, "The Black Gold of Chepkube", kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ningependa kuisoma riwaya ya mambo hayo, ikiandikwa na mtu aliyeona magunia yenyewe, na mwovu wake ajenge ghorofa.

Mama wa Malaba

Kutoka Busia hadi Malaba ni kama kilomita 30 kwa barabara inayopita Alupe na Adungosi, nchi ya Wateso. Mji wenyewe ni mdogo, lakini malori hayahesabiki. Reli iliyofika Kampala mwaka wa 1931 huvuka mpaka hapa, na mizigo ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Congo na Sudan Kusini hupita hapa. Wakati wa corona, mwaka wa 2020 na tena Januari 2022, foleni ya malori ilirefuka makumi ya kilomita. Madereva walilala chini ya matrela.

Dereva wa masafa ni mtazamaji mwenye shida ya pekee. Jumatatu huona kipande cha mchezo Mombasa, Jumatano yuko Malaba, Ijumaa yuko Kampala, na wiki ijayo hayuko popote penye umeme. Kila mchezo kwake umetobokatoboka. Mwenye simu nzuri hujitafutia mwenyewe, lakini bando ni pesa, na nje ya mpaka ni pesa zaidi.

Kwa hiyo Malaba wana mama mmoja. Anauza chai, chapati na ugali wa muhogo na mtama katika kibanda cha mabati, na pembeni ana runinga ndogo. Wakati nilipofika alikuwa anaufuata mchezo wa Kituruki uliotiwa sauti za Kiswahili, wenye farasi, panga na masultani. Madereva huagiza chakula, kisha huuliza, "Mama, tulifika wapi?" Naye, mikono ikiwa kwenye unga, huwaeleza yale waliyoyakosa. Nilikaa saa mbili nikimsikiliza. Huruka vilio vyote na mapenzi yote, na hukaza mwendo kwenye vita. Mtu asiyempenda humpa sauti ya askari wa forodha.

Nilimwuliza kama huwaambia yote. "Hapana, mwanangu," alisema. "Anayekwenda Juba simwambii aliyekufa."

Nilidhani ni mzaha. Sivyo. Mwaka wa 2021 madereva waligoma kwenda Juba baada ya wenzao kuuawa njiani, na baadhi ya waliokuwa wakila kwake hajawaona tena. Hana njia ya kujua kama wamekufa, wameacha kazi, au wamehamia njia nyingine. Kwa hiyo wa Juba huwakatia hadithi mahali pazuri.

Malalamiko yake ni moja tu. Tangu taratibu za forodha zilipounganishwa, foleni ikiwa ya kawaida, wateja wake huitwa kabla hajafika mwisho. Zamani dereva alikaa siku mbili, akamaliza chakula na hadithi. Sasa hunywa chai amesimama.

Nilikuwa bado pale dereva mmoja wa Mombasa alipoitwa na utingo wake kwamba makaratasi yako tayari. Alisimama, akajifuta mikono.

"Mama, na yule kaka aliyepotea vitani? Amefika kwao?"

"Amefika mlangoni."

"Wamemfungulia?"

Mama aligeuza chapati. "Unakwenda wapi safari hii, baba?"

"Juba."

"Basi ukirudi nitakuambia."

Dereva alilipia chai na chapati mbili, akaongeza ya tatu ndani ya karatasi, akapanda lori lake.